Hoteli ya Ukurasa wa Mwisho

"Huyu mwanamke wako anamenya majimbi," Madamu Dawlat alisema, akausukuma mswada katikati ya meza. "Mume kamwachisha binti shule, yeye amekaa jikoni anamenya majimbi. Kitabu kimeisha. Ndiyo nini hii?"

"Ndivyo ilivyo," Atiyat alijibu.

"Ilivyo wapi?"

 Atiyat asingeweza kumwambia mchapishaji wa Kairo, mara ya kwanza wanakutana, kwamba ndivyo ilivyo kwa mdogo wake Inshirah, kule Mansura, ghorofa ya pili juu ya duka la mabomba na masinki. Metwali, mume wa Inshirah, hakuwa amemwachisha binti yao Rihab shule bado, lakini alishatamka: akimaliza darasa la tisa, basi. Metwali akishatamka kitu, waliobaki kazi yao ilikuwa kusubiri kitokee.

Madamu Dawlat aliwasha sigara. Nywele zake zilikuwa fupi kama za mvulana na sauti yake nzito kuliko ya mumewe, ambaye alikuwa chumba cha pili akifunga vitabu kwa kamba.

"Mwalimu, nisikilize. Nimechapa wanawake miaka ishirini. Ninao waliojimwagia mafuta ya taa. Ninao waliorukwa na akili, waliojitupa kisimani, na mmoja alimeza sumu ya panya ukurasa wa tisini na kitabu bado kina kurasa mia. Wasomaji wangu wamechoka kuzika. Nipe mwanamke mmoja tu anayetoka mlangoni na mkoba mkononi na akili zake kichwani."

"Aende wapi?"

"Wewe ndiye mwandishi. Mwandikie mahali."

Atiyat alikuwa na miaka arobaini na sita. Alifundisha Kiarabu sekondari ya wasichana, mjane tangu ujanani, hana mtoto, na aliishi chumba cha juu kabisa katika nyumba ya kaka yao Bayumi. Riwaya hiyo ilimchukua miaka mitatu. Aliianza wiki moja baada ya jambo ambalo hakupenda kulikumbuka, na alilikumbuka kila siku: Inshirah alifika kwake asubuhi akiwa na kandambili mguu mmoja, mdomo umepasuka, akasema, "Dada, nifiche." Atiyat alimchemshia chai. Alimwosha uso. Na kabla ya adhuhuri, Bayumi alipopanda ngazi akisema aibu hii haitalala nyumbani kwake, ni Atiyat aliyemtafutia mdogo wake viatu, akamshika mkono, wakamrudisha pamoja. Njia nzima Inshirah hakulia. Alisema tu, "Viatu vyako vinanibana."

Basi katika riwaya akampa jina la Wahiba, akampa na nywele ndefu. Na sasa, kwa kuwa Madamu Dawlat alitaka mlango, akampa na mlango.

Aliandika mwisho mpya kwa siku tatu. Wahiba anapanda treni ya saa kumi na mbili asubuhi na bintiye. Anashuka Kairo, anatembea hadi Ataba, anaingia hoteli ndogo yenye mlango wa vioo. Mzee mwenye kofia ya sufu anamgeuzia daftari la wageni. Wahiba anaandika jina lake kamili, jina lake na la baba yake na la babu yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoa. Mzee anampa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao. Chumbani anatundika gauni lake msumarini na kufungua dirisha. Binti anakaa kitandani, anatoa daftari la hesabu, anaanza kufanya kazi ya nyumbani. Mwisho.

Atiyat alilia alipoweka kalamu. Hatimaye alikuwa amempeleka mdogo wake mahali salama.

Yeye mwenyewe hakuwahi kulala hotelini hata siku moja. Akienda Kairo alifikia kwa binamu yake, mtaa wa Shubra, akalala sebuleni na kuosha vyombo asubuhi.

*

*Mkoba wa Wahiba* kilitoka mwezi wa kumi. Gazeti moja liliandika kwamba hatimaye riwaya za wanawake zimepata mwanamke asiyekufa. Jingine, kwa kalamu ya mwanamume, liliandika kwamba waandishi hawa wa kike hawajui kuumba mume ila awe fisi. Madamu Dawlat alizikata zote mbili akazibandika ukutani. "Kikitukanwa na huyo," alisema, "tunauza."

Nakala ya Inshirah, Atiyat aliipeleka mwenyewe, chini ya mkate wa samli kwenye sinia, kitambaa juu.

"Kifiche," alinong'ona mlangoni.

"Nani atakiona? Metwali hasomi ila stakabadhi."

Inshirah alikuwa na stashahada ya biashara iliyokaa kabatini miaka kumi na sita. Kusoma alijua, na alisoma haraka. Baada ya wiki mbili alirudisha sinia kupitia kwa Rihab, wali wa maziwa juu yake, na siku ya pili wakakutana kwa Bayumi, jikoni, wakikausha glasi.

"Umempa nywele," Inshirah alisema.

"Nani?"

"Usijitie hamnazo. Wahiba. Mimi zangu zimekatika, angalia."

Atiyat alicheka kwa haya. Alisubiri neno zaidi, kama mwanafunzi anavyosubiri alama. Inshirah aliinua glasi kwenye mwanga, akaifuta upya.

"Hiyo treni ya saa kumi na mbili. Ipo kweli?"

"Ipo. Nilikwenda stesheni kuuliza."

"Kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Ijumaa."

Atiyat alijibu kwa fahari. Alipenda kitabu chake kiwe na ukweli wa mambo madogo.

*

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na mbili, katikati ya kipindi cha tatu, alikuja mhudumu wa shule akamwambia anatakiwa kwa mkuu, kwenye simu. Mkuu wa shule alimpa mkono wa simu kwa vidole viwili, kama kitu kichafu.

"Wewe ndiye Atiyat uliyeandika kitabu?" sauti ya mwanamume iliuliza.

"Ndimi."

"Basi njoo Kairo, kituo cha polisi hapa Ataba. Tuna mwanamke anasema ndiye huyo wa kitabuni."

Alifika alasiri, chaki bado mikononi. Ofisa alikuwa kijana, anakula mkate wa maharage, na juu ya meza yake, kando ya kachumbari, kilikuwa kitabu cha Atiyat. Kwenye benchi la ukutani alikaa Inshirah katika koti lake jeusi zuri, lile la harusini na misibani, mkoba magotini. Rihab alikuwa kando yake na sare ya shule.

"Karibu, Mwalimu," ofisa alisema, akajifuta mdomo. "Mimi kazini nimeona mengi. Nimeletewa kadi za bandia, za marehemu, mmoja alinipa kadi ya klabu ya mpira. Lakini nimemwambia huyu mama, leta kitambulisho, akanipa riwaya. Hii ni mara ya kwanza."

Polisi mwingine dirishani akacheka. "Mwulize ukurasa wa ngapi, afande."

"Mia mbili na kumi na nne," Inshirah alisema kwa sauti kavu. "Nimeshawaambia."

Ofisa alieleza bila ubaya, kama anayesoma ratiba. Mwanamke alikwenda hoteli tatu. Ya kwanza walimwomba kadi, akasema hana, wakamwonyesha mlango. Ya pili walimuuliza mume yuko wapi, akasema hana haja naye, wakamcheka. Ya tatu karani aliona mwanamke peke yake, msichana wa miaka kumi na minne, hakuna kadi wala cheti cha ndoa, akaogopa leseni yake, akapiga simu. "Alifanya lililo sawa. Wewe mwenyewe fikiria inavyoonekana."

"Alikuwa na mimi," Atiyat alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Alitangulia, mimi nilikuwa nakuja. Mimi nina kadi." Alikuwa ameshafungua pochi. "Hii hapa. Niandikie mimi, watalala kwa jina langu."

"Mwalimu." Ofisa aliisukuma kadi kwa ncha ya kalamu. "Mwenyewe ameshasema ametoka nyumbani kwa mumewe bila ruhusa. Nimeshaandika. Na mume nimeshampigia. Yuko njiani na kaka yenu."

Kadi ilibaki mezani. Atiyat aliitazama: picha yake, muhuri, neno *mwalimu*. Aliipata siku alipoajiriwa, maana bila hiyo hulipwi mshahara, na tangu hapo haikutoka pochini ila kuingia tena. Alikuwa ameishi nayo miaka ishirini na mbili bila kuiwaza, kama mtu asivyowaza kisigino chake. Inshirah alikuwa kwenye kadi ya baba. Alipoolewa akahamishiwa kwenye kadi ya familia ya Metwali: mstari mmoja, ukurasa wa pili, bila picha. Kadi hiyo hukaa mfuko wa shati wa Metwali, nyuma ya kalamu.

Alikaa kwenye benchi.

"Kitabuni," Inshirah alisema, akiangalia mbele, "mzee alimgeuzia daftari, akaandika jina. Hakumuuliza kadi."

"Sikujua."

"Hukujua nini? Kwamba hoteli wanataka kadi?"

"Hilo. Sijawahi kulala..."

"Au hukujua kwamba mimi sina?"

 Atiyat alijua. Kwa miaka mitatu aliandika kila kitu cha huyu mwanamke: jinsi anavyokunja shuka, jinsi anavyopunguza sauti ya redio akisikia ngazi. Na kitu alichokosa kilikuwa cha ukubwa wa kiganja.

"Mimi nilidhani umeuliza," Inshirah alisema. "Treni uliuliza. Nikasema, dada ni mwalimu, hawezi kuandika kitu hajauliza."

"Inshirah, ni hadithi tu."

Inshirah aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Basi niambie kitu kimoja cha hadithi. Ameshafungua dirisha. Kesho yake asubuhi, yeye na mtoto, walikula nini?"

"Sikuandika kesho yake."

"Naam. Nimeona."

Rihab alivuta mkono wa Atiyat. "Mama mkubwa, kesho nina jaribio la hesabu. Tutakuwa tumerudi?"

"Funga mdomo," mama yake alisema, kisha akamfunga kifungo cha juu cha sare, taratibu sana.

*

Metwali hakupiga kelele. Atiyat alikuwa amejiandaa kwa kelele. Mume aliyemwandika kitabuni alikuwa wa kelele. Huyu aliingia na soksi safi, akawasalimu polisi mmoja mmoja, akamuuliza ofisa habari za watoto. Akatoa kadi nyuma ya kalamu, akaifungua ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mstari.

"Huyu hapa, afande. Na binti huyu chini."

"Sahihi hapa kwamba umewapokea."

Akasaini kama anavyosaini masinki yakishuka kwenye lori.

Bayumi alibaki mlangoni akihema. "Umetuvua nguo, Atiyat," alisema. "Mbele ya Kairo nzima. Kitabu! Huko msikitini watu wananiuliza, dada yako kaandika nini?"

"Waambie wakisome."

"Mimi nilikulisha ili..."

"Bayumi, tulia," Metwali alisema kwa upole. Akakichukua kitabu mezani, akakipima uzito mkononi. "Shemeji, hongera. Nasikia kinauzwa. Sikujua nimo." Akakiweka kwapani. "Nitakisoma chote. Mtu ajue anavyosemwa."

Kisha kwa Inshirah, bila kumtazama: "Una njia mbili. Ukitaka kubaki Kairo, baki. Kesho mahakama inakuletea hati ya utiifu, ya kukuamuru urudi kwangu, usipokuja huna matunzo, na binti anabaki kwangu. Au inuka twende, treni isituache."

Inshirah aliinuka. Alimshika Rihab bega, akapita mbele ya dada yake, akasimama.

"Leo nimekuja na viatu vyangu," alisema. "Siku ile ulinipa vyako."

Na hakuna aliyejua kama ni shukrani au ni laana, labda hata yeye.

*

Rihab hakufanya lile jaribio, wala jingine. Metwali hakusubiri darasa la tisa liishe. Vitabu vyake vya shule alivipeleka dukani mwenyewe, na kwa miezi kadhaa mafundi wa Mansura walinunua mabomba yaliyofungwa kwa kurasa za jiografia.

Atiyat alikatazwa kwenda kwa mdogo wake. Alikwenda mwezi wa kwanza, siku ambayo Metwali alikuwa Damieta kuchukua mzigo. Mlango ulikuwa na kufuli jipya, nje. Akagonga kwa jirani, jirani akawa na ufunguo alioachiwa na Metwali, na akampa kwa dakika kumi kwa kiapo.

Akamkuta Inshirah jikoni, chini, karai kati ya miguu, anamenya majimbi. Ndio msimu wake. Rihab alikuwa mbele yake na kisu kidogo, anamenya pia, harakaharaka, maganda membamba kabisa. Alikuwa ameshakuwa mzoefu. Hakuinua kichwa.

Atiyat alisimama mlangoni. Neno kwa neno, kama mwisho alioandika kwanza. Hata karai lilikuwa lile la bluu.

"Kaa," Inshirah alisema. "Au simama, dakika kumi zenyewe. Metwali kakimaliza kitabu chako, unajua? Kasoma wiki mbili, kidole kwenye mistari. Kasema kuna kosa: bei ya saruji."

"Inshirah, nisamehe."

"Usiniletee hayo, mikono yangu inawasha." Alitupa kipande kwenye maji. "Niambie. Huyo mama wa uchapishaji, ulisema alikubadilishia mwisho. Ule wa kwanza ulikuwaje?"

Atiyat alitazama karai. "Ulikuwa unamenya majimbi."

"Mimi?"

"Wahiba. Amekaa jikoni, anamenya majimbi. Binti ameshaachishwa shule. Basi."

Inshirah alifikiri huku kisu kikienda. "Ungeuacha," alisema mwishowe. "Ningesoma, ningelia, ningefunga kitabu. Na huyu angemaliza mwaka wake."

Rihab alisema, "Mama, haya yamekwisha. Nichukue mengine?"

"Chukua."

*

Madamu Dawlat alikataa katakata. Atiyat alimwomba chapa ya pili irudishe mwisho wa zamani, au angalau iongeze sentensi moja ya kadi, karani akiuliza, Wahiba akinyamaza. Sentensi moja tu.

"Nikuharibie kitabu kwa kadi?" Dawlat aliuliza. "Mwalimu, wanawake wananiandikia barua. Wanasema wamelala siku hiyo wakiota wameshika ule ufunguo. Miaka yote tumewapa makaburi. Mimi nikawanyang'anye dirisha?"

"Dawlat, dirisha lenyewe halipo."

"Ndiyo maana linaitwa riwaya."

Mwezi wa tatu walimwalika Atiyat jumba la utamaduni la Mansura kuzungumzia picha ya mwanamke katika riwaya za wanawake. Mhadhiri wa chuo alisoma karatasi ndefu: mwanamke mwathirika, mwanamke mwasi, mwanamke aliyejikomboa, naye Wahiba akiwa wa tatu. Watu walipiga makofi. Atiyat alipopewa kipaza sauti alisema hoteli hazipokei mwanamke asiye na kadi, na kwamba kabla ya kitu chochote mtu aende ofisi ya usajili na cheti cha kuzaliwa. Ukumbi ukacheka, ukidhani ni mzaha wa mwandishi. Mhadhiri alisema huo ndio ucheshi mchungu unaompambanua.

Baadaye wakapanga foleni kusainiwa vitabu. Wa nne alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mtandio mweusi, mtoto usingizini begani. Aliweka kitabu mezani, akainama kama anayetaka kumpiga busu.

"Mwalimu, ile hoteli. Jina lake hasa ni nani?"

"Haipo," Atiyat alisema.

"Mimi sitamwambia mtu."

"Mwanangu, haipo. Niliitunga. Una kadi yako mwenyewe?"

"Kadi niko kwenye ya mume wangu."

"Basi hawatakupokea. Popote. Nimekwambia mbele ya watu wote. Mdogo wangu alikwenda, wakamrudisha na polisi. Umenisikia? Kaone kwanza ofisi ya usajili."

"Ofisini wanataka aje mume wangu asaini."

Atiyat alikivuta kitabu kwake.

Mwanamke alimtazama kama mtu anavyomtazama mwenye duka anayejua sukari ipo nyuma, imewekewa wengine. Alihamisha mtoto bega la pili.

"Kama haipo," aliuliza, "uliiandika ya nini?"

Foleni nyuma ilisogea. Atiyat alishika kalamu, akaandika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, lake na la baba yake na la babu yake, kwa sababu mkono ulihitaji kufanya kitu. Mwanamke alikichukua kitabu, akakiingiza chini ya mtandio, ubavuni kwa mtoto.

"Na treni," alisema, "ile ya saa kumi na mbili. Nayo umeitunga?"

 Aliyejibu si Atiyat, ni mwanamke mwingine nyuma ya yule mwenye mtoto, mtu mzima mwenye miwani, naye akiwa na nakala yake mkononi.

"Treni ipo," alisema. "Kila siku isipokuwa Ijumaa. Nimekwenda kuuliza."